Mikrobe Ikikufa mu Sufuria, Nini Inabaki?



Maneno haya yalianzia kwenye meza ya chakula ya internati, siku ya Jumatano, saa ya bukari. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ametufundisha asubuhi juu ya bakteria zenye faida, zile ambazo watu wa inchi za mbali wananunua katika vichupa vya maziwa ya kuganda wakitafuta nguvu ya mwili. Mwenzetu mmoja wa klase ya tano akainua tonge lake akasema: "Siye hatuna na haja ya kununua. Hii bukari yetu inatoka mu mayi ya mihogo, iko na bakteria kupita yale maziwa." Mwingine akamjibu pale pale: "We! Bukari imepikwa. Mikrobe yote imekufa mu sufuria. Sasa faida iko wapi?" Kelele ikawa kubwa mpaka mwangalizi wa internati akaja kuuliza kama tunagombana. Kweli tulikuwa tunagombana, lakini kwa elimu.

Tangu siku ile ulizo hili halikutuachia usingizi. Sisi ni saba, wote wa sehemu ya biolojia-kemia, wa klase ya tano na ya sita. Tumetafuta jibu kwa ndoo mbili, kwa midomo ya wamama wanaojua kazi, na kwa maandiko ya wenye elimu ambayo mwalimu alitusaidia kuyasoma. Tuwaambie mapema: kati ya wale wawili wa mezani, hakuna aliyeshinda.

Tuanze na ndoo. Kila mtu wa hapa Dilolo anajua namna muhogo unavyotengenezwa, na wengi wetu tumetumwa kijitoni tangu utoto. Lakini kujua kwa mikono na kujua kwa kichwa ni vitu viwili. Tuliomba mihogo kwa mama mmoja anayeuza unga sokoni. Tukaimenya, tukaikata, tukaitia katika ndoo ya kwanza na kuifunika kwa maji. Katika ndoo ya pili tulitia maji matupu. Mwalimu alitupa karatasi kumi za turnesoli ya buluu, zile zinazogeuka nyekundu zikigusa kitu chenye asidi, akatuonya tusizichezee kwa sababu hakuna nyingine mpaka mwaka ujao.

Siku ya kwanza karatasi ilibaki buluu katika ndoo zote mbili. Siku ya pili, katika ndoo ya mihogo, ilianza kubadilika kidogo. Siku ya tatu ikawa nyekundu kabisa, na povu dogo likaonekana juu ya maji. Siku ya nne tulibonyeza muhogo, na kidole kikaingia. Ndoo ya maji matupu haikubadilika hata kidogo. Na harufu, wapendwa! Wenzetu wa chumba cha karibu walituomba tuipeleke elimu yetu mbali na madirisha yao.

Nani alitia asidi mule? Sisi hatukutia kitu. Bakteria zilikuwa tayari juu ya muhogo, katika maji, hata kwenye mikono yetu. Nyingi kati yao ni za ukoo unaotengeneza asidi laktiki, wenye majina kama Lactobacillus na Leuconostoc. Zinakula sukari ya muhogo, na mabaki ya chakula chao ni asidi laktiki, ileile inayofanya maziwa ya kuganda yawe na uchachu. Wenye elimu wanapima asidi kwa kipimo kinachoitwa pH: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka, asidi inazidi. Maji ya mihogo yanashuka toka karibu 6 na nusu mpaka karibu 4, na pale mikrobe nyingi za kuharisha haziwezi tena kuzaana vizuri. Bakteria nyingine, za ukoo wa Clostridium, zinasaidia kuulainisha muhogo, nazo zinatoa asidi butiriki. Njo ile harufu. Tunawaomba mshike jina hili la butiriki, tutalirudilia.

Tulipompelekea yule mama habari za siku zetu nne, alicheka. "Banangu, miye najua ile tangu kitambo. Ukishika muhogo na inapasuka mu mukono, njo imeiva. Lakini sasa bantu ya malori ya Kolwezi banasema: leta leo. Benye kukosa feza banatosha siku ya pili, banaanika."

Neno lile lilitutia hofu. Muhogo mchungu una ndani yake kitu kinachozaa sumu ya sianidi, na kulowesha ndiko kunakoitoa sumu ile. Siku tatu au nne zinaondoa sehemu kubwa sana, siku moja haitoshi. Kule Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika na wachuuzi wakaja wakitaka mihogo upesi, familia zilipunguza kulowesha toka siku tatu mpaka siku moja. Watafiti waliandika jambo hilo mwaka 1992. Katika eneo hilo la Bandundu kuna ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafula na usioponyeka, na unawashika zaidi wamama na watoto. Munganga Trolli aliuandika mara ya kwanza mwaka 1938 kule Kwango, sehemu inayopakana na Angola sawasawa sisi. Kwa hiyo tunasema wazi kabla ya kuendelea: muhogo uliotoka majini siku ya pili haujamaliza kazi, hata kama lori linapiga honi.

Sasa tuingie ndani ya tumbo.

Ukuta wa utumbo ni mwembamba ajabu: ni seli zilizopangwa mstari mmoja tu, zimepakwa ute juu yake. Upande mmoja wa ukuta kuna chakula na bakteria zisizohesabika. Upande wa pili, karibu kabisa, wanakaa askari wa mwili, wengi kupita mahali pengine popote katika mwili. Hapo ndipo penye shida. Askari hawa wanapaswa kumpiga adui kama yule wa kolera au wa tifoidi, lakini wasipige muhogo, wala maharagi, wala bakteria wapole wanaokaa nasi tangu kuzaliwa. Askari anayepiga kila anayepita langoni anakiharibu kijiji kama adui mwenyewe. Utumbo ukiwaka moto kila siku bila adui, mtu anakonda, anaumwa, na chakula hakimfai.

Je, askari wanajuaje? Wao hawaoni bakteria kwa macho. Wanaonja vitu vinavyotengenezwa na bakteria, vikipenya ute na ukuta. Hapa ndipo tulipoelewa kwamba tulikuwa tunagombana kwa ulizo ambalo si lenyewe. Sisi tulikuwa tunauliza kama bakteria ni hai ao imekufa. Lakini kwa askari, mara nyingi jambo kubwa ni kile ambacho bakteria imetengeneza.

Tuchukue butiriki yetu. Unga, maharagi, sombe na matunda vina sehemu ambazo tumbo letu haliwezi kuzivunja. Sehemu hizo zinashuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria zinazipokea na kuzichachusha. Utumbo mpana ni ndoo yetu ya mihogo, imefunikwa tu, na shukrani kwa hilo. Zinatoka humo asidi fupi tatu: asetati, propionati na butirati (hii ya mwisho ndiyo butiriki ileile). Bakteria za asidi laktiki hazitengenezi butirati nyingi zenyewe, lakini zinatoa asidi laktiki na asetati, na majirani zao wanazichukua na kuzigeuza butirati. Wanaishi kwa kupokezana, kama sisi tunaopokezana kitabu kimoja cha kemia.

Butirati inafanya kazi ya namna nyingi. Kwanza ni chakula: seli za ukuta wa utumbo mpana zinapata sehemu kubwa ya nguvu zao kutoka kwake, si kutoka kwa damu. Seli zikishiba, zinashikana vizuri, na mikrobe mbaya haipati ufa wa kupitia. Kazi nyingine ndiyo iliyotushangaza. Kati ya askari wa mwili kuna vijana ambao bado hawajachaguliwa kazi. Butirati inaingia ndani yao mpaka kwenye kiini cha seli, inazuia vifaa vinavyofunga kurasa fulani za urithi, na kurasa hizo zinabaki wazi. Kijana akizisoma, anakuwa askari mtuliza vita, yule anayewaambia wenzake, "Acheni, huyu si adui." Mwaka 2013 makundi ya watafiti wa Japani na wa Marekani yalionyesha jambo hilo kwa panya, karibu wakati uleule. Tulisoma ukurasa ule mara tatu. Kitu kinachonuka ndooni ndicho kinachofundisha askari upole!

Yule mwenzetu wa kwanza aliruka: "Si nilisema? Bukari inanuka butiriki, basi inasaidia!" Ikabidi tumkalishe. Harufu unaisikia kwa sababu butiriki inaruka hewani. Muhogo ukianikwa juani, kisha ukasagwa na kupikwa, nyingi imekwenda. Na hata kidogo kinachobaki kinanyonywa mapema katika tumbo na utumbo mwembamba, hakifiki kule chini kwenye askari wale. Kwa hiyo butirati ya faida haiingii kwa mdomo. Inapaswa kutengenezwa mle mle ndani, na bakteria wanaokaa mle, wakipewa kitu cha kutengenezea. Bukari iliyopoa inawapa kidogo, kwa sababu wanga ukipoa sehemu yake inakuwa ngumu na kushuka bila kuvunjwa. Maharagi yanawapa zaidi sana. (Wale wanaosukuma maharagi pembeni ya sahani siku ya Alhamisi, tunawaona.)

Vitu vingine tuvipite upesi. Katika maharagi, samaki na karanga kuna kipande kinachoitwa triptofani. Bakteria fulani wanakigeuza kuwa vitu vya jamii ya indoli, na askari wanaokaa ukutani wakivionja wanatoa ujumbe unaoamuru ukuta ujitengeneze na ute uongezwe. Kuna bakteria wanaotoa sumu ndogo za kuua majirani wabaya, zinaitwa bakteriosini. Hizo hazifundishi askari, ila zinawapunguzia kazi. Na kuna vipande vya ngozi ya bakteria yenyewe. Hivi ndivyo vinavyogusa ulizo letu la sufuria. Askari wetu wana vipokezi, sawasawa kufuli zinazongojea ufunguo wake, ambavyo vinatambua vipande vile hata kama mwenye ngozi amekufa zamani. Kumbe mfu naye anasema. Mwaka 2021 kundi la wenye elimu wa inchi mbalimbali waliandika maana ya neno jipya, postibiotiki: bakteria zilizokufa ao vipande vyao, vinavyoleta faida kwa afya. Neno la zamani zaidi, probiotiki, lilipewa maana mwaka 2001 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya: ni mikrobe hai, ikitolewa kwa kiasi cha kutosha, inayoleta faida kwa afya.

Sikieni vizuri maana hizo mbili. Zote zinasema "faida", na faida ni lazima ionyeshwe, haitoshi kuitaja mezani. Bukari yetu si probiotiki, kwa sababu hakuna aliye hai mule. Na hatuwezi kuiita postibiotiki, kwa sababu hakuna jaribio tulilolisoma lililoipima hivyo. Mwenzetu wa kwanza, pole. Lakini yule wa pili naye, aliyesema kwamba kila kitu kinakwisha mikrobe ikikufa, alikosea. Asidi laktiki haikimbii kwa moto kama butiriki. Ndiyo uchachu ule unaouonja katika bukari ya mihogo.

Na kuna jambo zuri juu ya uchachu. Mwaka 2019, watafiti wa Leipzig, kule Ujerumani, walitangaza kwamba bakteria za asidi laktiki zinatengeneza kitu kingine kidogo, ndugu wa asidi hiyo, ambacho kinafungua kipokezi kimoja kilicho juu ya askari wetu. Kipokezi hicho hakiko kwa panya, wala kwa mbwa, wala kwa ng'ombe. Kiko kwa mwanadamu na kwa nyani wakubwa kama sokwe tu. Walikijaribu kwa kula kabeji iliyochachushwa, na kitu hicho kikaonekana katika damu yao. Wao wanafikiri kwamba zamani za kale, viumbe walioanza kula matunda yaliyoanguka na kuchacha chini ya miti walihitaji mlinzi wa namna hiyo. Si jambo lililothibitishwa, lakini sisi limetupendeza: mwili wetu unajua chakula kilichochacha tangu zamani sana.

Msomaji atauliza: hayo ni ya panya na ya Wazungu wa kabeji, kwetu Afrika je? Tunazo habari mbili, zote za Tanzania. Moja inafurahisha, moja inarudisha akili mahali pake.

Ya kwanza ni ya mkoa wa Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali kubwa ya KCMC ya Moshi, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini, waliozoea ndizi, maharagi, mboga na ugali, walipewa kwa majuma mawili chakula cha mjini: soseji, mkate mweupe, viazi vya kukaanga. Wale wa mjini walirudishwa kwa majuma mawili kwenye chakula cha mababu. Kundi jingine la watu wa mjini liliendelea na chakula chake, ila kwa juma moja walikunywa mbege, kinywaji cha Wachaga kinachochachushwa kwa ndizi na ulezi. Na wachache waliachwa bila badiliko ili kulinganisha. Walipimwa damu kabla, baada, na tena majuma manne baadaye.

Habari zilitoka mwaka 2025. Wanaume wa kijiji waliokula soseji, damu yao ilionyesha dalili za moto kuwaka mwilini, na askari wao, walipokutanishwa na mikrobe katika chupa za laboratwari, walijibu kwa unyonge kuliko mwanzo. Ebu fikirini: moto mwingi na nguvu kidogo, kwa wakati mmoja. Wale waliorudi kwenye chakula cha mababu, na wale wa mbege, moto wao ulipungua. Mengine ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baada ya jaribio kwisha. Majuma mawili tu ya chakula!

Tuna maneno mawili ya kuongeza. Dada zetu wa klase waliuliza kwa nini hakukuwa na mwanamke hata mmoja kati ya wale 77, na sisi tunaona wana haki ya kuuliza. Tena mbege ina pombe. Bwana Prefe asije akasikia kwamba gazeti la wanafunzi linawatuma watu kunywa. Mbege ina ndizi, ina ulezi, ina bakteria, ina asidi zao, vyote pamoja. Huwezi kunyoosha kidole kwa kimoja ukasema ndicho kilichofanya kazi. Kwetu kinachofanana nayo zaidi ni munkoyo, uji wa mahindi unaotiwa mizizi na kuachwa usiku mmoja ao zaidi. Mizizi inavunja wanga kuwa sukari, na bakteria za asidi laktiki zinakula sukari ile. Ya usiku mmoja ni tamu yenye uchachu kidogo, watoto wanaikunywa. Ikikaa siku nyingi, inakuwa mambo mengine.

Habari ya pili ni ya Mwanza, kwenye ziwa. Mwaka 2004 wamama wa kundi lililoitwa Tukwamuane walianza kutengeneza maziwa ya kuganda yenye bakteria iliyochaguliwa, Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakisaidiwa na chuo cha utafiti cha Mwanza na chuo kikuu kimoja cha Ontario, Kanada. Maziwa yakaitwa Fiti. Waliyauza na kuyagawa kwa majirani, na kati yao kulikuwa na watu wenye virusi vya ukimwi. Wengi walisema wanajisikia vizuri. Wamama walipata kazi na feza, watoto walipata maziwa, hilo halina mashindano.

Lakini je, askari wa mwili waliongezeka? Watafiti walitaka kujua bila kudanganyana. Waliwapa wamama wenye virusi vidonge vya bakteria hizo kwa majuma 25, na wengine vidonge vyenye sura ileile lakini bila bakteria, na hakuna aliyejua amepewa nini. Mwaka 2011 waliandika matokeo: bakteria hazikudhuru mtu, na askari wanaohesabiwa kwa wagonjwa wa virusi, wale wa CD4, hawakuongezeka kwa kundi moja kupita jingine.

Tulinyamaza kidogo tuliposoma hayo, maana tulikuwa tumekwisha kufurahi mno na panya wa 2013. Lakini ni vizuri tuliyasoma. Kuna watu wanaopita masokoni, wanauza chupa ya kitu kichachu na kusema inaponya malaria, sukari, na hata virusi. Ukiwauliza sababu, watakwambia juu ya "kinga ya mwili". Sasa unajua kwamba neno hilo ni la kweli, na kwamba dawa ile si ya kweli. Ndugu ao jamaa yako anayekunywa dawa za hospitali asiziache hata siku moja kwa ajili ya chupa. Kumtuliza askari aliyekasirika bure ni kazi moja. Kumfukuza adui aliyekwisha kuingia na kujificha ndani ya askari mwenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Limebaki neno la vidonge vyekundu na vya manjano, na hapa tunajishtaki wenyewe. Muhula uliopita mmoja wetu saba alihara. Badala ya kwenda kwa muuguzi, alinunua kapsuli nne za antibiotiki kwa mchuuzi anayetembea na kikapu, akameza mbili asubuhi na mbili jioni. Kuhara kulikwisha, na akajivuna. Juma lililofuata tumbo likajaa hewa, chakula kikamkataa, kisha akahara tena, vibaya kuliko mwanzo. Muuguzi alipomwuliza na kusikia habari ya kikapu, alitikisa kichwa. "We mwana, umeua adui na wenyeji pamoja. Sasa kijiji ni kitupu, na anayeingia kwanza njo anakuwa chifu."

Tumechunguza, na muuguzi alisema kweli. Antibiotiki haichagui vizuri. Inaua pia wale wanaotengeneza butirati, na kurudi kwao kunaweza kuchukua majuma, mara nyingine miezi. Wakati huo ukuta unakosa chakula, na askari wanakosa mwalimu. Kuna magonjwa ambayo yanataka antibiotiki, na hapo lazima uinywe mpaka mwisho kama munganga alivyoandika. Lakini kuhara kwa kawaida kunataka maji kwanza: litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anaongezewa zinki, inayotolewa kwenye santre ya afya, kwa siku kumi mpaka kumi na nne. Kukiwa na damu, ao kuhara kama maji ya mchele, usingoje usiku upite.

Mwenzetu huyo ndiye aliyeandika sehemu hii kwa mkono wake, na alitukataza tusiipunguze.

Kwa wale wanaotuuliza njiani kama tumeacha kupenda bukari: hapana, hata kidogo. Mezani tumepatana hivi. Kulowesha siku nne kunatoa sumu na kuzuia mikrobe mbaya, na hiyo peke yake ni faida kubwa, hata kama kila bakteria inakufa mu sufuria. Faida ile nyingine, ya kufundisha askari, inatoka kwa bakteria waliomo ndani yetu tayari, na hao wanangojea maharagi, sombe na matunda. Aliye na dada ao mama mwenye mtoto anayeanza kula anaweza kumwambia juu ya uji uliochachushwa: Tanzania wanauita togwa, na katika miaka ya 1990 watoto walioupewa walionekana na mikrobe za kuharisha chache kuliko wenzao. Mikono inawe sabuni kwanza, na maji yawe safi, maana togwa iliyotengenezwa kwa mikono michafu ni ugonjwa wenye uchachu.

Maji ya ndoo yetu tuliyamwaga mbali na kisima. Mihogo tuliianika nyuma ya laboratwari na kuipeleka kwa yule mama, naye akaisaga pamoja na ya kwake. Karatasi za turnesoli zimebaki mbili. Klase ya tatu wameomba moja ya kupimia munkoyo ya usiku mmoja na ya usiku wa pili. Tumewapa, kwa sharti kwamba matokeo yaandikwe katika gazeti linalofuata, na munkoyo ya usiku wa pili imwagwe mbele ya mwalimu.